Vanga, Mji Usio Njiani

Sisi wa Kibwezi tumezoea kuwa watu wa njiani. Mabasi ya Mombasa na Nairobi hupita usiku na mchana, na ni wachache waulizao habari za mahali penyewe. Ni nani kati ya wapitao ajuaye kwamba misheni ya Waskoti ilianza kwetu mwaka 1891, homa ikawaandama, hata mwaka 1898 ikahamia Kikuyu?

Labda ni uchungu huo ulionifanya nifunge safari kwenda Vanga, mji ambao hata njiani haumo. Nilivuka Likoni kwa feri, nikapita Msambweni hadi Lunga Lunga. Hapo wasafiri wengi huendelea mbele kuingia Tanzania. Mimi nilishika njia ya kushoto, iteremkayo kwenye mikoko.

Vanga iko karibu na mahali mto Umba unapoingia baharini. Mto huo huanzia milima ya Usambara, Tanzania, ukaja kumwaga maji yake Kenya. Mvua ikizidi huko juu, watu wa Vanga ndio walowao, na bahari nayo yawasukuma kwa upande wa pili. Maji hayana pasipoti.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani, wakiwa mbali huko Ulaya, waliuanzisha mpaka wao kwenye mdomo wa Umba wakaupeleka hadi ziwa Jipe. Mwaka 1893 wakausogeza mwanzo wake hadi Jimbo. Wavumba, ambao watawala wao walikaa Vumba Kuu karne nyingi kabla ya hapo, wakajikuta wengine huku na wengine kule. Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui aliutumia mpaka huohuo mwaka 1896: alipolemewa na Waingereza alivuka akajisalimisha kwa Wajerumani, akafia Dar es Salaam mwaka 1910. Na Januari 1915 askari wengi, Wahindi na Waafrika, waliuana Jasini, hatua chache tu ng'ambo ya mpaka, kwa ugomvi usiokuwa wao.

Mzee mmoja aliyenikaribisha barazani, baada ya shikamoo na marahaba, aliniambia kwamba jamaa zake wa Jasini na wa Vanga wangali wanazikana na kuozana. Lililomsikitisha si mpaka. Wajukuu wake, alisema, wanakisikia Kivumba lakini wanajibu kwa Kiswahili cha shule.

Hapo ndipo nilipoona tumekosea. H.E. Lambert alikiandikia Kivumba kitabu, kikatoka mwaka 1957. Sisi wenye lugha, tukitaka kuandika habari za pwani, twakimbilia Lamu na Mombasa, nami nimo katika lawama hiyo. Walimu wa Kwale wana wazee mlangoni na watoto wenye madaftari. Nawasihi wawakutanishe mwaka huu, si mwaka ujao. Mzee wangu alikuwa akikohoa sana tulipoagana.