Mvutaji Asiyeshika Sigara

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Hata hivyo, yapo maradhi ambayo mgonjwa hayafichi kamwe. Lugha ndiyo huyaficha kwa niaba yake. Mwanamke wa makamo akikohoa usiku kucha, na asubuhi akapanda kilima cha kutoka mtoni huku akisimama mara tatu kutafuta pumzi, jamaa zake husema "ana kifua". Akidadisiwa zaidi, hujibu kuwa ni baridi, au ni vumbi, au ni umri tu. Neno kifua limebebeshwa pumu, nimonia, kifua kikuu, mzio na ule ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, yote kwa pamoja, mithili ya kikapu kisichobagua mboga na magugu.

Mkanganyiko huu hudhihirika zaidi mbele ya daktari. Mgonjwa wa mapafu huulizwa mapema, "Mama, unavuta sigara?" Naye hujibu, pengine kwa kukereka kidogo, "La, sijawahi hata siku moja." Aghalabu udadisi hukomea hapo. Mama hasemi uongo. Utafiti wa kitaifa kuhusu matumizi ya tumbaku wa mwaka 2014 ulibaini kuwa asilimia 0.8 pekee ya wanawake wa Kenya ndio waliovuta tumbaku, ilhali kwa wanaume ilikuwa asilimia 15.1. Lakini Kiswahili hakikukifungia kitenzi kuvuta kwenye sigara. Mtu huvuta hewa, huvuta pumzi, na huvuta moshi. Mama huyu ameuvuta moshi wa kuni tangu alipokuwa akibebwa mgongoni mwa mamaye aliyekuwa akisonga ugali, na hajapumzika hadi leo. Swali lililomfaa ni jingine: anapika kwa kutumia nini, katika chumba cha namna gani, na tangu lini?

Si mama mmoja wala wawili. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa asilimia 55.1 ya kaya nchini Kenya zilitegemea kuni kwa mapishi, na nyingine asilimia 11.6 zilitegemea makaa. Gesi ilitumiwa na asilimia 23.9. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 ulimwenguni mwaka 2020. Mwaka 2021 shirika hilo lilipendekeza kuwa wastani wa chembechembe laini hewani, zile zisizozidi mikroni 2.5 kwa kipenyo, usipite mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo kwa mwaka. Katika nyumba isiyopitisha hewa vizuri, moshi unaweza kukivuka kiwango kinachokubalika mara 100. Chembe hizo ni ndogo kiasi kwamba pua na koo haziwezi kuzinasa; hupenya hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, zikachokoza na kuharibu polepole kwa miaka.

Upo utafiti uliofanywa papa hapa Kenya ambao ungestahili kujulikana zaidi. Majid Ezzati na Daniel Kammen waliziandama kaya za Mpala, Laikipia, wakachapisha matokeo yao katika jarida la Lancet mwaka 2001. Hawakutosheka na kuupima moshi wa chumba kizima; walizingatia pia nani yuko wapi, na kwa muda gani. Ilibainika kuwa sehemu kubwa ya moshi anaoupata mpishi humwingia katika nyakati fupi za kuinama: kuchochea kuni, kupuliza moto, kukoroga chungu. Mume na mke waweza kulala chini ya paa moja wala wasivute hewa moja. Haishangazi, basi, kuwa Kiswahili husema mwanamume aliyeoa "amepata jiko". Msemo huo huzua vicheko arusini. Ni vigumu kuucheka mbele ya mama wa miaka hamsini asiyeweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja.

Misimu nayo huutatiza mkasa huu. Ifikapo Oktoba mijakaranda ya Nairobi huchanua zambarau, na kila apigaye chafya huinyoshea kidole. Miti hiyo husingiziwa kwa kiasi kikubwa, kwani chavua yake husafirishwa na wadudu. Chavua za nyasi, zinazochanua baada ya mvua, ndizo zinazopeperushwa na upepo hadi puani. Pumu yenyewe huwaandama zaidi wavulana utotoni, kisha mizani hugeuka baada ya kubaleghe ikawaelemea wanawake. Basi mwanamke mwenye mzio, ambaye njia zake za hewa zimekwisha kuchokozwa na chavua shambani, huingia jikoni wakati wa masika na kuwasha kuni mbichi zinazofuka kuliko kawaida. Ifikapo Julai, nyanda za juu huzizima. Mlango hufungwa, na jiko la makaa huingizwa ndani pamoja na ile gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, ambayo huua waliolala. Akianza kukohoa, lawama humwendea Julai. Mzio una msimu wake. Jiko halina likizo.

Yamkini atatokea msomaji wa kuuliza: je, istilahi zitaondoa moshi? Hoja hiyo ina uzito. Mama anajua fika kuwa moshi unamuuma macho. Akosacho si maarifa bali ni pesa za mtungi. Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye gesi ya kupikia mwaka 2016, ikairejesha kwa asilimia 16 mwaka 2021, ikaipunguza hadi asilimia 8 mwaka 2022, na kuiondoa tena mwaka 2023. Waliohamia gesi walirudishwa kuni kwa kalamu ya bajeti, na katika mijadala ya wakati huo gesi ilizungumziwa kama bidhaa, ni nadra kama pumzi. Wala jiko lililoboreshwa si suluhu kamili. Jaribio kubwa nchini Malawi, lililochapishwa mwaka 2017, liligundua kuwa majiko ya kuni yenye moshi pungufu hayakupunguza nimonia kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kuokoa kuni ni jambo jema, ila si sawa na kuokoa mapafu.

Hata hivyo, kodi hujadiliwa kwa maneno, na ugonjwa usio na jina hauna wa kuutetea bungeni. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi katika Ibara ya 7, na katika Ibara ya 42 ikampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara hizo mbili hazijakutanishwa ipasavyo. Mzio na chavua ni maneno yaliyomo kamusini, lakini ni nadra kuyasikia zahanati. Makongamano hutumia siku nzima kubishana kuhusu istilahi za isimu, na hilo si kosa. Kosa ni kuwaachia madaktari peke yao kazi ya kumtafsiria mama ugonjwa wake. Siku ya Kiswahili Duniani huadhimishwa tarehe 7 Julai, katikati ya baridi ile ile. Wakati ngonjera zinapoghaniwa ukumbini, milango ya jikoni imefungwa.

Wanafunzi wa Kiswahili hurejea kwao likizoni. Wengi hukaribishwa sebuleni, wakaletewa chai iliyopikwa kwingine. Wangeweza kubeba daftari na kigoda hadi jikoni, wakaketi hapo chai inapochemka, na kumuuliza mama huita nini ile hali ya pumzi kukatika anapoinuka kutoka mafigani.