Pungufu ya miezi 12 kabla ya barua ya kustaafu

Chukua mfano wa mwuguzi mmoja wa Bariadi, mama wa watoto wanne. Ana miaka 54. Zamu za usiku zimemchosha mgongo, kitinda mimba yuko kidato cha pili, na baba watoto ameshapiga hesabu ya mkupuo: pawatila, na shamba la pamba lipanuliwe. Mwakani mama anafikisha 55, umri ambao mtumishi wa umma anaruhusiwa kustaafu kwa hiari bila kusubiri 60. Wanaamini kilichobaki ni barua tu.

Kuna namba ambayo humo ndani haijatajwa: 180. Hiyo ni miezi ya kuchangia, yaani miaka 15, inayompa mtu haki ya pensheni ya kila mwezi maisha yake yote. Mama huyu aliajiriwa serikalini akiwa na miaka 41. Akiondoka na 55 atakuwa na miezi 168. Atalipwa mara moja, basi.

Na si kwamba kabla ya hapo alikaa bure. Miaka mitano alifanya kazi hospitali binafsi, akikatwa NSSF. Hapa ndipo wengi huchanganya. Agosti 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa kuwa PSSSF, kwa hiyo mtumishi aliyeanzia LAPF au PSPF michango yake imo kapu moja. NSSF haikuingia humo, ilibaki na sekta binafsi. Vipindi vya mifuko miwili vinaweza kujumlishwa ili mtu apate sifa ya pensheni, lakini miezi ile 60 haihami yenyewe. Ni mwanachama anayepaswa kuifuatilia, vielelezo mkononi. 168 na 60 ni 228.

Swali gumu ni hili: fedha za NSSF bado zipo? Wengi walipoacha kazi walizichukua zote, tena kwa ada za shule za watoto haohao. Kama naye alizichukua, asitegemee miezi ile. Avumilie hadi 56. Kwa kanuni ya 1/580, mwenye miezi 180 na wastani wa mshahara wa Sh900,000, pensheni kamili ni kama Sh279,000 kwa mwezi, kabla ya kutoa sehemu inayolipwa kwa mkupuo. Si nyingi. Lakini huingia hata msimu ambao pamba imekataa.

Simiyu karatasi nazo zina visa vyake. Hadi 2012 Bariadi ilikuwa mkoa wa Shinyanga, na Itilima ilikuwa ndani ya Bariadi, hivyo hati za zamani zinataja ofisi zilizokwishagawanywa. Halafu majina: kadi ya zamani inasema Ng'wandu, kitambulisho cha NIDA kinasema Mwandu. Kwa mfuko hao ni watu wawili, na kuwafanya mmoja ni rahisi zaidi ukiwa bado una ofisa utumishi wa kumgongea mlango.

Michango ya PSSSF inaonekana kwenye simu kupitia programu ya PSSSF Kiganjani. Aipitie mwezi kwa mwezi. Ikionekana miezi ambayo mwajiri hakuwasilisha, idaiwe akiwa bado kazini. Aulize pia bima ya NHIF ya kitinda mimba itakuwaje akishastaafu. Na baba watoto akae naye waangalie pamoja, kabla hajatoa advansi ya pawatila.