TAA YA INJINI ISOMWE, ISIZIMWE

Tangu ulipotolewa uamuzi wa mwaka 1973 wa kuifanya Dodoma Makao Makuu ya nchi, na hasa tangu wizara zilipoanza kuhamia huko kwa wingi baada ya mwaka 2016, safari ya Dodoma imekuwa sehemu ya kazi ya watumishi wengi wa umma. Wamo pia ndugu zetu wa Unguja na Pemba, ambao huvuka bahari na kisha kushika barabara ya kilomita zipatazo 450 kutoka Dar es Salaam. Leo tunapenda kusema juu ya jambo linaloonekana dogo katika safari hiyo: taa ya manjano yenye picha ya injini, inayowaka dereva akanyagapo mafuta.

Visiwani safari ni fupi na vilima si virefu, hivyo gari lenye kasoro laweza kwenda miezi bila taa hiyo kuonekana. Likipita Dumila na kuanza kupanda kuelekea Gairo, taa huwaka na nguvu hupotea, pengine wakati dereva yumo katika kulipita lori. Abiria husema kwamba ni hewa ya bara. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa kiasi cha sehemu moja katika kumi. Lakini kompyuta ya gari huitambua hali hiyo na kupunguza mafuta ipasavyo. Injini iliyo nzima hupungukiwa nguvu kidogo tu, wala haiwashi taa. Mlima hauleti ugonjwa, huufichua.

Sababu zake zafahamika. Injini ipewapo mzigo, mgandamizo ndani ya silinda huzidi, na cheche ya plagi huhitaji umeme mkali zaidi ili iruke. Plagi iliyochakaa, koili yenye ufa, au kiungo cha waya kilicholiwa na chumvi ya bahari huweza kumudu tambarare, kisha kikashindwa mlimani. Hapo injini humisi. Vivyo hivyo filta ya mafuta iliyoziba au pampu iliyochoka hutosha kwa mwendo wa pole, isitoshe kwa mwendo wa kasi. Tena vumbi la nyanda kavu za Ugogo huziba filta ya hewa na kuchafua sensa yake. Na katika gari la dizeli lenye tabo, mpasuko wa mpira wa hewa hufunguka pale tu shinikizo linapopanda.

Dereva anao wajibu wa kwanza. Taa ikiwaka bila kupepesa, na gari likienda vizuri, aweza kuendelea taratibu hadi kwa fundi. Ikipepesa, injini inamisi kiasi cha kuweza kuunguza masega ya ekzosi. Apunguze mwendo, aache kulipita gari lolote, asimame mahali pa salama. Ikifuatana na taa nyekundu ya oili au ya joto, injini izimwe mara moja.

Fundi naye apime kwanza, abadilishe baadaye. Namba zinazotolewa na mashine ziandikwe kabla ya kufutwa. P0301 yaonyesha kumisi kwa silinda ya kwanza. P0171 yaonyesha kwamba mafuta ni machache kuliko hewa. Namba huonyesha mahali pa kutafuta, haitaji kifaa cha kununua. Koili ya silinda ya kwanza ihamishiwe ya pili: kosa likihama nayo, mkosaji amejulikana, likibaki palepale, itazamwe plagi au nozeli. Mgandamizo wa mafuta upimwe injini ikiwa na mzigo. Mwishowe gari lijaribiwe mlimani, kwani ndiko lilikoshindwa.

Lipo jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia, nalo ni desturi ya kufuta namba au kuchomoa waya wa betri asubuhi ya safari ili gari lionekane zima. Huko ni kuficha ushahidi. Aidha, wako madereva wanaoiona taa wakanyamaza kwa kuchelea kumchelewesha mkubwa aliyeketi nyuma. Magari ya Serikali yana chombo cha kuyatengeneza, TEMESA, kilichoundwa mwaka 2005. Lakini hakuna fundi awezaye kuponya kasoro ambayo hakuambiwa.

Kwa hiyo tunashauri kwamba kila gari la umma liwe na daftari la kuandikia namba ya kosa, tarehe, kipimo kilichofanywa na kifaa kilichobadilishwa. Na malipo ya kifaa yasiidhinishwe bila maandishi hayo. Gari litakalovuka bahari lijaribiwe kwa mzigo kabla ya kupakiwa melini. Na viongozi wamtangulize dereva katika suala la usalama: akisema gari halifai, lisiende.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Kikao kilichochelewa saa mbili chaweza kuendelea. Roho iliyopotea katika barabara ya Gairo hairudi.