Mjapani Hakukosea, Fundi Ndiye

Ingia gereji yoyote, uliza kwa nini ile pikapu ya dizeli imebinuka nyuma na kuvalishwa matairi ya trekta. Utajibiwa kwa upole wa mtu anayemwelewesha mgeni: "Tajiri, Mjapani kaitengeneza kwa barabara za kwao. Huku kwetu lazima uiongezee." Na watu wazima, wenye akili zao na fedha zao, huitikia kwa kichwa na kulipa. Mimi nasema kauli hiyo ni uongo, na aliyenunua pikapu ya mtumba iliyoongezewa hivyo hana cha kuiboresha zaidi ya kuirudisha ilivyotoka kiwandani.

Barabara za kwao zipi? Hilux ilianza kuuzwa 1968, na kuanzia 2004 hadi 2017 Toyota haikuiuza kabisa nchini Japani. Ilikuwa ikiundwa Thailand, na Durban kule Afrika Kusini, ikaenda kwa wakulima na wachimba madini wa nchi zenye vumbi na makorongo. Gari lililokaa miaka 13 bila soko kwao haliwezi kuwa lilipimwa kwa lami ya Tokyo.

Chukua suala la springi, maana ndilo linaloua. Mwenye pikapu ya tani moja anataka kubeba tani mbili za mahindi. Fundi anaongeza majani ya springi yaliyotolewa kwenye Fuso, gari haliinami tena, wote wanafurahi. Sasa lala chini, chungulia juu ya ekseli ya nyuma. Kwenye pikapu nyingi za aina hii utaona vali ndogo ya breki yenye fimbo iliyofungwa kwenye ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likiwa tupu, bodi iko juu, na vali inapunguza nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu yasijifunge. Likipakiwa, bodi inashuka, fimbo inasogea, na breki za nyuma zinapewa nguvu zake zote. Ukishaweka majani ya Fuso, bodi haishuki. Umepakia tani mbili, vali inasoma gari tupu, na uzito wote huo unauteremsha mlima Kitonga ukitegemea breki za mbele. Pedi zikianza kutoa moshi analaumiwa muuza spea kwamba kauza feki. Wako pia mafundi walioona fimbo hiyo haina maana, wakaikaza kwa waya ili vali ibaki wazi muda wote. Hao wamekuachia gari ambalo siku ya mvua, likiwa tupu, ukikanyaga breki kwa nguvu nyuma itataka kutangulia mbele.

Na springi kutoinama si ushahidi kwamba gari linabeba. Chasisi, beringi, difu na breki, vyote vilipigiwa hesabu ya tani moja hivi. Springi ya kiwandani ilipoinama ilikuwa inakwambia basi. Ulichofanya ni kuinyamazisha, na nyufa zitakuja kuonekana kwenye chasisi.

Thamostati nayo ina msiba wake. "Nchi ya joto haihitaji," wanasema, wanaitoa na kuitupa. Kifaa hiki hakikuwekwa kwa ajili ya theluji peke yake. Kinazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi, nyuzi 80 na kitu. Mchana wa Februari Dar es Salaam ni nyuzi 30 na kidogo, na sisi tunatoka jasho. Kwa injini hiyo ni baridi. Dizeli kwenye injini iliyopoa haiungui yote. Inayobaki inateremka kwenye kuta za silinda na kuchanganyika na oili, ringi zinalika, halafu mwenye gari analalamika kwamba linakunywa mafuta. Kinachochekesha zaidi ni kwamba katika injini nyingi za Toyota thamostati ina kisahani cha chini ambacho, injini ikipata moto, huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Iondoe, njia hiyo inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo, na gari lililotolewa thamostati ili lisichemke linachemka mlimani.

Matairi nitayapitia haraka. Ukitoa tairi ya kimo cha inchi 29 ukaweka ya inchi 33, mshale ukisoma 50 gari liko kwenye 57, na askari mwenye tochi hasomi mshale wako. Taa sita za juu zilizounganishwa bila rilei, fyuzi zake zikiwa vipande vya waya, ni kiberiti kilichoachwa chini ya dashibodi. Na kuna mikonga ya mapambo: bomba limesimama kando ya kioo kwa fahari zote, ukifungua boneti halijaunganishwa na chujio la hewa.

Sipingi kila badiliko. Arusha kuna karakana zinazokata Land Cruiser, zikarefusha chasisi na kuweka paa la kufunguka ili watalii waone simba, na magari hayo yanapiga kazi Serengeti miaka na miaka. Huko wanapima, wanaimarisha, wanaangalia kila kilichoguswa kinaathiri nini. Gereji ya mtaani inabadili kitu kimoja na kuviacha kumi vilivyokuwa vikikitegemea.

Utaniambia kurudisha ni ghali. Si vyote, na si kwa siku moja. Anza na breki na nyaya, kisha springi, matairi mwisho. Nenda na namba ya chasisi kwa muuza spea anayejua kazi yake, Gerezani au Kirinyaga Road, atakutajia kifaa chenyewe badala ya "kinachoingiliana". Ila kama bado hujanunua, na injini imebadilishwa na namba yake hailingani na kadi, usipoteze muda wa kutengeneza. Rudi nyumbani na hela yako.

Tena hawa wanaohubiri kuongezea hawaamini mahubiri yao. Wapeleke sokoni kununua, swali lao la kwanza ni kama injini imewahi kufunguliwa, na dalali hutangaza "haijaguswa" kwa sauti kuliko kitu kingine chochote. Basi muuzaji akikupandishia bei kwa sababu ya "kazi iliyofanyika", mwombe vifaa vya kiwandani alivyovitoa. Kama hana, punguza gharama yake kwenye bei ya gari, ndipo mzungumze habari ya hizo taa sita.