Amana ya Kihansi

Katika milima ya Udzungwa, pale mto Kihansi uporomokapo kwa kishindo kwenye genge la miamba, aliishi chura mdogo wa manjano, asiyezidi pingili ya kidole gumba, ambaye makao yake katika dunia nzima yalikuwa ni hekta chache za majani mabichi yaliyoloweshwa usiku na mchana na manyunyu ya maporomoko hayo. Hatagi mayai kama chura wengine, bali huzaa vitoto vilivyokwisha kamilika. Na ngozi ya tumbo la mama ni nyembamba hata vitoto huonekana kabla ya kuzaliwa.

Wataalamu walimgundua mwaka 1996, ilhali ujenzi wa bwawa la umeme ulikwisha anza. Kufikia mwaka 2000 yapata tisa ya kumi ya maji yalikuwa yamegeuzwa njia kwenda kuzungusha mitambo, manyunyu yakakatika, majani yakanyauka. Ndipo watu walipohimizana: mabomba ya kunyunyiza maji yakatandazwa gengeni, na chura wapatao 500 wakasafirishwa hadi Marekani kulelewa katika bustani za wanyama, ambako wengi walikufa kabla walezi hawajajua kuwatunza. Huku nyuma maradhi ya kuvu yakawaingia waliosalia, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena hata mmoja. Mwaka 2012 wazawa wa wale waliohamishwa wakaanza kurejeshwa Kihansi.

Wako waulizao chura ana faida gani mbele ya taa ya chumba cha wazazi hospitalini. Swali hilo halistahili kubezwa, kwani umeme ni haja ya kweli, na mimi niandikaye haya nimewasha taa. Lakini haja hutuhalalishia kutumia maji ya mto. Haituhalalishii kukifuta kiumbe ambacho hatukukiumba wala hatuwezi kukiumba. Tembo na faru wana watalii wa kuwasemea. Chura wa Kihansi hana wakili, na kwa sababu hiyo yeye ndiye mizani ya insafu yetu, maana mwaminifu hujulikana kwa amana ndogo ambayo hakuna aiulizaye.

Waliotangulia walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa Kihansi ni mabomba yale, ambayo hayana budi kuangaliwa daima. Basi yafaa mambo mawili yawe sharti: viumbe vya mto vihesabiwe kabla jiwe la kwanza la bwawa halijawekwa, na gharama ya kuvihifadhi iingizwe katika bei ya umeme wenyewe, wala isiachiwe hisani ya wafadhili. Kila mwenye kubonyeza swichi jioni amekopa tone la maji ya chura yule, na mkopo, uwe mdogo namna gani, muungwana huurudisha.