Ua la Amboni lipewe kitalu Tanga

Tanga imeipa dunia ua linalopandwa kwenye vyungu madirishani kuanzia Ulaya hadi Marekani, lakini sisi wenyewe tunaliita ua la kizungu. Mimi nauza miche Raskazone, hapa Tanga. Wateja huja wakaniuliza: "Mama, una lile ua la Ulaya, la majani yenye manyoya?" Nikiwaambia kwao ni Amboni, hapa karibu na mji, na milima ya Usambara, wanadhani natafuta soko.

Nilipokwenda Hannover, Ujerumani, kumtazama binti yangu, nilimwomba anipeleke Herrenhausen, kwenye bustani za kifalme. Upande mmoja wa barabara ipo Bustani Kuu, iliyokuzwa na Sophie, mama yake George wa Kwanza aliyekuja kuwa mfalme wa Uingereza. Ni nzuri, vichaka vimenyooshwa kama kwa rula na maji yanaruka juu sana, ila mimi haja yangu ilikuwa ng'ambo ya barabara, Berggarten, bustani ya mimea. Bustani hiyo ndiyo iliyolipa ua letu jina la kitaalamu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Walter von Saint Paul, aliyekuwa mkuu wa wilaya wa serikali ya Kijerumani huku kwetu, aliliona kwenye mianya ya majabali ya chokaa karibu na Tanga, na tena juu kwenye msitu wa Usambara. Akalipeleka kwao kwa baba yake, na baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen. Mwaka 1893 Wendland akaliandika rasmi kwa jina la Saintpaulia ionantha. Waliokuwa wakipita chini ya majabali yale tangu enzi za mababu, wakiliona kila siku, hawakuingia kwenye jina hilo. Hilo linaniuma. Hata hivyo Wajerumani wenyewe, wanapolinunua sokoni, hulitaja kwa jina la Usambara.

Lile la porini si kama la dukani. Ni dogo, petali tano za zambarau hafifu, na katikati vijidoa viwili vya manjano. Majani yamelala duara, yamebana jabali, mizizi imejishikiza kwenye udongo wa kiganja kimoja tu. Linaishi kwa kivuli na unyevu. Mti wa juu yake ukikatwa kwa mkaa au kwa kuchomea chokaa, jua linalipiga na linakauka papo hapo kwenye mwamba. Baadhi ya jamii zake zinapatikana sehemu chache mno hapa duniani, na sehemu hizo ziko kwetu. Tukimaliza msitu, litabaki la vyungu vya wageni.

Basi nasema hivi. Anayeingia mapango ya Amboni aonyeshwe ua hili na kuelezwa habari zake kabla hajashuka kutazama popo. Na Halmashauri ya Jiji itenge kitalu chenye kivuli katika Bustani ya Jamhuri, pale panapotazama bandari. Ua hili halitaki baridi ya milimani, maana aina ya kwanza kuandikwa ilitoka huku huku chini, karibu na usawa wa bahari.

Kulizalisha ni kazi ya mtoto wa shule. Unachukua jani pamoja na kikonyo chake, unachomeka kikonyo kwenye mchanga wenye unyevu, unaliweka kivulini. Baada ya wiki kadhaa vichipukizi vinatoka chini ya jani. Maji mwagia kwenye udongo, usiloweshe majani, yatapata madoa. Ila mtu asiende kung'oa ya jabalini: mbegu na majani ya kuanzia yatoke kwa wataalamu wa mimea, kwa kibali. Halmashauri ikianzisha kitalu hicho, kazi ya kupandikiza nitaifanya mimi, bila malipo.