Hana Homa, Lakini Basi Lisubiri

Hoja kwamba mtoto aliyekaa na mgonjwa wa surua asafiri tu maadamu hana homa inavutia, hasa Desemba, tiketi ya Moshi ikishalipwa. Ila haina mashiko.

Surua haipigi hodi. Dalili huanza kwa kawaida siku 10 hadi 14 baada ya kuambukizwa, na mtoto huanza kuwaambukiza wenzake siku 4 kabla ya vipele kutoka. Siku hizo ana mafua, kikohozi na macho mekundu, mambo ambayo mzazi atayaita vumbi la njiani. Virusi navyo hubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka. Sasa mpandishe basi la alfajiri kutoka Dar es Salaam, madirisha yamefungwa, na kiti cha nyuma mama amempakata kichanga wa miezi 6. Huyo hajafikia chanjo: Tanzania hutoa dozi ya kwanza mtoto akiwa na miezi 9, ya pili miezi 18.

Mtetezi atauliza, kwani kila mtoto azuiwe? Hapana. Mwenye dozi zote 2 na afya njema apande basi. Cha kutazamwa kwanza ni kadi ya kliniki, kipimajoto baadaye.

Asiyechanjwa awahishwe zahanati, na mhudumu aelezwe mapema. Chanjo ndani ya saa 72 tangu akutane na mgonjwa inaweza kuzuia ugonjwa au kuupunguza makali. Hata hivyo, safari isogezwe wiki 3. Bibi kule Kibosho atanuna, na nauli huenda isirudi. Mzazi, ahirisha.